Atakayemkataa Mtoto Aandike Barua

Nchini Kenya mtoto mwenye ulemavu hanyimwi nafasi shuleni kwa barua. Hunyimwa kwa mdomo, tena kwa upole. Mama hukaribishwa ofisini, huvutiwa kiti, husikilizwa, kisha huambiwa kwamba shule ingependa sana kumsaidia ila haina mwalimu aliyesomea watoto wa aina hiyo, vyoo viko mbali, darasa limejaa, na wazazi wengine huenda wakalalamika. Hushauriwa ajaribu shule fulani upande wa pili wa mji, na huko naye mwalimu mkuu humshauri ajaribu kwingine. Muhula ukiisha mtoto yuko nyumbani, na hakuna faili hata moja serikalini inayoonyesha kwamba aliwahi kukataliwa.

Ndiyo maana takwimu zetu ni nzuri kuliko hali yenyewe. Mtoto ambaye hakuandikwa popote hahesabiwi kuwa ameacha shule, kwa kuwa hakuwahi kuingia.

Sheria tunazo, na kwa sehemu kubwa ni nzuri. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakikuongeza "iwapo anatembea" wala "iwapo anaongea". Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zisizomtenga na jamii, kwa kadiri inavyofaa maslahi yake, na haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya ulemavu. Inakataza pia shule ya umma kumtahini mtoto ili iamue kama itampokea; mtihani unaoruhusiwa ni ule wa kujua awekwe wapi. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayempa mtoto mwenye usonji kitabu mbele ya mamake na kusema, "Akisoma ukurasa huu tutamchukua," anavunja sheria, hata kama nia yake ni njema.

Sheria hiyo hiyo ina meno, ila yamemwelekea mzazi. Anayekosa kumpeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Chifu anaweza kubisha hodi asubuhi na kuuliza kwa nini mtoto yuko nyumbani. Mama atajibu nini? Kwamba alikwenda shule tatu na zote zikamrudisha? Ataulizwa ushahidi, naye hana kitu mkononi.

Tunachodai basi ni kitu kidogo kisichohitaji bajeti wala Bunge. Kila shule ya umma inayomkataa mtoto, au inayompokea kwa masharti, imwandikie mzazi barua yenye tarehe, sahihi, muhuri na sababu. Hili halihitaji hata kutungiwa sheria mpya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa au inaelekea kuathiriwa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Bunge likakipa nguvu mwaka 2015 kwa Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala. Mwalimu mkuu wa shule ya umma anapoamua kwamba mtoto huyu hataingia, huo ni uamuzi wa kiutawala kama ule wa kumnyima mfanyabiashara leseni. Anayenyimwa leseni huuliza barua yake iko wapi. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu husema asante na kuondoka.

Kwa nini huondoka? Sehemu ya jibu iko katika historia. Elimu ya watoto hawa ililetwa na makanisa na wafadhili. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na nyingine nyingi zilizofuata, za viziwi na za watoto wenye ulemavu wa viungo, zilitokana na mikono hiyo hiyo. Kazi yao ilikuwa kubwa na hatuna nia ya kuipunguza. Lakini kilichoanza kama sadaka kiliacha tabia zake: anayetoa hupanga, anayepokea hushukuru, na ni utovu wa adabu kwa mpokeaji kuuliza maswali. Zaidi ya miaka 15 baada ya Katiba mpya, bado mama huingia katika ofisi ya shule ya umma akiwa ameinamisha kichwa, kana kwamba amekuja kuomba msaada. Shule hiyo imejengwa na kodi yake ya mafuta ya taa. Na maofisa wengi, tuseme kweli, wameizoea heshima hiyo.

Sehemu nyingine ya jibu ni uchovu. Mara nyingi mama huyu yuko peke yake. Baba wengi hutoroka mtoto anapopatikana na kupooza kwa ubongo au ulemavu mwingine, wakidai kwamba kwao hakuna ukoo wa namna hiyo. Katiba haiwaachi: Kifungu cha 53 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Anayekwenda shule tatu kwa matatu, mtoto wa miaka minane mgongoni, hana nguvu iliyobaki ya kubishana na mtu mwenye tai.

Barua hiyo ikishaandikwa, mlango unafunguka. Sheria ya 2013 inamruhusu mzazi ambaye mtoto wake amekataliwa katika shule ya umma kuiarifu Bodi ya Elimu ya Kaunti, nayo bodi inaweza kuupitia uamuzi huo na kupendekeza hatua. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi anaweza kukata rufaa mbele ya Jopo la Rufaa za Elimu. Ngazi zote mbili zimeandikwa katika sheria. Ni wazazi wangapi wamewahi kuambiwa kwamba zipo? Nenda katika shule yoyote utazame ukuta wa ofisi: utaona maono, dhamira, ratiba ya vipindi na picha ya Rais. Hutaona mahali pa kulalamika.

Juu ya hapo kuna Mahakama Kuu, na huku nako mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kufika kortini kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, au kwa niaba ya kundi, na kinasema kwamba hakuna ada itakayotozwa kwa kufungua kesi ya haki za msingi. Kanuni alizotunga Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, mwaka 2013, zinairuhusu korti kupokea malalamishi ya mdomo au barua ya kawaida iliyoandikwa kwa mkono. Kundi la wazazi wa kata moja linaweza kwenda pamoja. Nchini Afrika Kusini, mashirika yanayotetea watu wenye ulemavu wa akili katika jimbo la Western Cape yaliishtaki serikali kwa kuwaacha nje ya mfumo wa elimu watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili, na mwaka 2010 yakashinda. Hatuwahimizi watu wakimbilie kortini kila wanapokwaruzana na mwalimu. Tunasema tu kwamba anayejua ana mahali pa kwenda huongea kwa sauti tofauti ofisini.

Sasa tuwe wakweli kuhusu walimu wakuu, maana wengi wao si watu wabaya. Wamepewa shule isiyo na njia ya kiti cha magurudumu, walimu wachache, madarasa ya watoto 60 na zaidi, kisha wakaambiwa elimu ni jumuishi. Sera ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu iliamua kutanguliza elimu jumuishi, yaani mtoto asome katika shule iliyo karibu na kwao, pamoja na wenzake. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini mwalimu aliyesomea kufundisha kuhesabu kwa vidole na kuimba alfabeti hawezi kuamka siku moja akijua lugha ya ishara, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE), iliyoanzishwa mwaka 1986, haiwezi peke yake kumfikia kila mwalimu nchini.

Ndiyo sababu barua ina faida kwa mwalimu mkuu mwenyewe, na jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Leo anapomrudisha mtoto kwa mdomo, upungufu wa shule yake unabaki kuwa siri yake. Akiandika, "Shule yangu haina mwalimu wa lugha ya ishara, na choo hakiwezi kutumiwa na mtoto wa kiti cha magurudumu," na nakala ikaenda kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na kwa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), ile si barua ya kukataa tena. Ni madai ya shule kwa serikali. Barua 40 za namna hiyo kutoka kaunti moja ndani ya muhula mmoja zingemwambia Waziri ni wapi apeleke walimu na ni wapi ajenge vyoo, bila kuajiri mshauri hata mmoja wa kufanya utafiti. Mwalimu mkuu mwenye busara angeziandika hata kama mzazi hakuomba.

Sababu ya "hatuna pesa" nayo ijibiwe. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka kadhaa, serikali ilitenga Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, na kwa mwenye mahitaji maalum iliongeza Sh2,300. Hela hizo ni kidogo mno. Hazinunui hata kifaa kimoja cha usikivu, na mara nyingi huchelewa. Lakini ni hela, na zimetolewa kwa jina la mtoto fulani. Mzazi ana haki ya kujua zilifanyia nini. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lake ndani ya siku 21. Aandike ukurasa mmoja tu: mliandikisha wanafunzi wangapi wenye mahitaji maalum mwaka huu, mlipokea kiasi gani kwa ajili yao, na mkanunua nini? Shule inayofanya kazi yake vizuri itajibu kwa siku mbili.

Serikali kuu nayo isijifiche nyuma ya mfuko mtupu. Kifungu cha 20 cha Katiba kinasema kwamba Serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama ya elimu, ni jukumu lake kuonyesha kwamba kweli hazipo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye mfuko. Mama hahitaji kwenda kukagua hazina ya taifa.

Kuhusu tathmini, tuna neno fupi. Vituo vya tathmini na rasilimali za elimu (EARC), vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ndivyo vinavyompima mtoto na kupendekeza asome wapi na kwa msaada gani. Mzazi aende, tena mapema. Lakini ripoti ya EARC ni ushauri kuhusu mahitaji ya mtoto. Haimfungi maisha, wala haimpi mwalimu mkuu kisingizio cha kusema, "Wamekuandikia shule maalum, basi nenda." Mzazi adai nakala yake aiweke nyumbani, aulize kila neno asilolielewa, na mtoto akibadilika aombe apimwe upya. Akipendekezewa shule ya bweni iliyo mbali sana, aulize kwanza ni nini kingehitajika ili mtoto asome karibu na nyumbani. Kuna watoto ambao bweni huwafaa, hasa viziwi wanaopata huko wenzao wa kuongea nao kwa ishara tangu asubuhi hadi usiku. Kuna wengine hupelekwa huko kwa kuwa ni rahisi kwa kila mtu isipokuwa mtoto.

Tungependa pia Kenya ifike pale ambapo sauti ya mzazi haikomi siku ya kuandikishwa. Marekani ilipitisha mwaka 1975 sheria inayotaka kila mtoto mwenye ulemavu awe na mpango wake wa elimu ulioandikwa, na mzazi awe mmoja wa watu wanaouandaa. Shule haiwezi kuanza kumpa mtoto huduma za elimu maalum mara ya kwanza bila idhini ya mzazi, na wasipokubaliana kuna msikilizaji asiyefungamana na shule. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba haki hizo ni za mzazi pia, kwa hiyo anaweza kuzitetea kortini mwenyewe bila wakili. Tusidanganyike kwamba huko ni peponi: serikali yao iliahidi kuchangia hadi asilimia 40 ya gharama za ziada na haijawahi kufikia kiwango hicho. Lakini mzazi wa huko anapogombana na shule, kuna hati mezani ambayo pande zote mbili zinaisoma. Hapa kwetu walimu waliosomea elimu maalum wanajua kuandaa mpango kama huo; wengi huuandaa. Waziri aagize mzazi akae katika kikao hicho, atie sahihi, na apewe nakala kwa lugha anayoielewa. Kumpa mama wa Kilifi au Kakamega karatasi ya Kiingereza chenye istilahi za kitaalamu ni sawa na kutompa kitu.

Bodi za shule nazo zina la kufanya. Sheria imetenga katika kila bodi ya usimamizi nafasi ya mwakilishi wa watu wenye mahitaji maalum. Wazazi waulize katika mkutano ujao nani amekalia kiti hicho shuleni kwao, nani alimteua, na mara ya mwisho alisema nini. Inawezekana wakapata mtu hodari. Inawezekana pia wakapata kwamba hakuna anayejua.

Shule za kibinafsi zisidhani kwamba maneno haya hayazihusu. Kifungu cha 27 kinamkataza mtu yeyote, siyo serikali pekee, kumbagua mwenzake kwa sababu ya ulemavu. Lango la chuma na karo kubwa haviondoi katazo hilo.

Kwa hakika, hata idadi ya watoto tunaowazungumzia haifahamiki vizuri. Sensa ya 2009 ilipata kwamba asilimia 3.5 ya Wakenya wana ulemavu. Ile ya 2019 ilipata asilimia 2.2, takriban watu 900,000 wa umri wa miaka mitano na zaidi. Hakuna anayeamini kwamba ulemavu ulipungua hivyo katika miaka kumi. Maswali yalibadilika, na waliofichwa nyumbani waliendelea kufichwa. Mwaka 2025 nchi ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003, na hotuba zilikuwa nyingi. Hotuba haziandikishi mtoto. Jina lake likiwa katika barua ya kukataliwa, angalau mahali fulani itajulikana kwamba yupo.

Kwa hiyo tunamtaka Waziri wa Elimu atoe waraka kabla ya shule kufunguliwa Januari. Ukurasa mmoja unatosha. Useme kwamba hakuna mtoto atakayekataliwa katika shule ya umma kwa sababu ya ulemavu. Kwamba panapokuwa na kizuizi cha kweli, mwalimu mkuu atakiandika, atampa mzazi nakala siku hiyo hiyo, na atapeleka nyingine kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Na kwamba anwani ya Bodi ya Elimu ya Kaunti itabandikwa mahali mzazi anapoweza kuiona bila kuomba ruhusa. Mkurugenzi naye apewe siku 14 za kumtafutia mtoto nafasi au kuondoa kizuizi.

Na wewe mzazi, usisubiri waraka. Nenda na ombi lako likiwa limeandikwa, hata kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, na ubaki na nakala. Nenda na mtu mmoja wa kushuhudia. Ukiambiwa hakuna nafasi, mwambie kwa heshima zote, "Sawa, Mwalimu. Naomba uniandikie hivyo hivyo ulivyosema, upige na muhuri." Kisha keti pale pale usubiri barua yako.